Lavaux wakati wa mavuno ya zabibu: jibu kwa msomaji atakayekuwa Geneva mwishoni mwa Septemba

Ndugu msomaji,

Umeeleza kwamba mwishoni mwa Septemba utakuwa Geneva kwa mkutano wa kikazi, kwamba mkeo ataungana nawe mkutano ukimalizika, na kwamba mmepata siku tatu za mapumziko ambazo mngependa kuzitumia Lavaux, eneo la mizabibu lililo kando ya Ziwa Léman, ambalo wengi hulijua kwa jina la Ziwa Geneva. Umeuliza iwapo wakati huo unafaa, iwapo mtaweza kuzunguka bila gari, na iwapo ziara hiyo itakuwa na maana kwa mkeo asiyekunywa pombe na kwako wewe unayekunywa kidogo bila kuujua mvinyo kwa undani. Yote matatu nayajibu kwa ndiyo, ila kwa sharti moja: msilale Geneva na kwenda Lavaux asubuhi kama watu wanaokwenda kutazama maonyesho na kurudi jioni. Laleni huko huko kijijini, kwa sababu katika wiki za mavuno Lavaux ni mahali pa kazi, na mgeni anayefaidi ni yule anayeipanga siku yake kwa kufuata saa za wenye kazi.

Lavaux ni ukanda wa urefu wa kilomita zipatazo 30, kuanzia viunga vya mashariki vya Lausanne hadi kwenye ngome ya Chillon, ulioinamia ziwa kwa mteremko mkali unaotazama kusini. Mteremko huo umechongwa matuta na kushikiliwa na kuta za mawe ambazo zikiungwa pamoja zinapita kilomita 400, na mwanzo wa kilimo hiki hufuatiliwa hadi karne ya 11, wakati ardhi ilipokuwa mikononi mwa watawa Wabenedikto na Wasistersi. UNESCO iliuingiza ukanda huu katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2007. Hata hivyo, mwaka ambao mimi huutaja kwanza ni 1977, pale wapigakura wa jimbo la Vaud walipolikubali pendekezo la mtetezi wa mazingira Franz Weber la kuilinda Lavaux kwa kifungu cha katiba ya jimbo lao. Mteremko wenye mandhari ya maji na milima, ulio katikati ya miji yenye watu wenye fedha, usingebaki mashamba kwa bahati tu. Ulibaki kwa sababu wananchi waliamua hivyo, na wamerudi kuliamua tena tangu hapo.

Wakulima wa hapa husema kwamba zabibu zao huivishwa na majua matatu: la angani, la pili linalorudishwa na uso wa ziwa, na la tatu linalohifadhiwa na mawe ya kuta mchana kutwa kisha kutolewa polepole usiku. Usemi huo una ukweli wa kisayansi ndani yake. Ziwa Léman lina kina cha mita 310 mahali pake pa chini kabisa, na maji mengi kiasi hicho hayapoi kwa haraka. Mwishoni mwa Septemba, hewa ya juu milimani inapokuwa imeanza kuuma, ukingo wa ziwa bado una joto la kiangazi, nalo huipa mizabibu siku kadhaa za ziada za kukusanya sukari kabla ya baridi kuingia. Hilo la kuta mnaweza kulithibitisha wenyewe: jioni, jua likishazama, wekeni kiganja juu ya ukuta uliotazama ziwa, nanyi mtaukuta ungali na joto ilhali barabara imekwisha kupoa.

Kuhusu wakati, naomba msiyachukulie mavuno kama sikukuu yenye tarehe. Katika miaka ya joto kali uchumaji huanza mapema Septemba, na katika miaka ya baridi na mvua huingia Oktoba. Wiki ya mwisho ya Septemba kwa kawaida huangukia ndani ya kazi hiyo au karibu nayo, na hata mkikuta baadhi ya mashamba yamekwisha kuvunwa, mengine, hasa yale ya juu zaidi kutoka ziwani, huwa bado. La kuzingatia zaidi ni siku za wiki. Wikendi ya mwisho ya Septemba mji mdogo wa Lutry hufanya sherehe za mavuno zenye gwaride, muziki na umati mkubwa. Ni furaha ya kweli kwa anayependa shamrashamra, lakini kwa mtu anayetaka kuzungumza na mkulima ni siku mbaya kuliko zote. Jumatatu nayo migahawa mingi ya vijijini hufungwa. Kama mkutano wako unakuruhusu, chagueni Jumanne hadi Alhamisi, au Jumatano hadi Ijumaa.

Gari sikushauri kabisa. Barabara za ndani ya mashamba ni nyembamba, nyingi zimeruhusiwa kwa wakulima tu, na wakati wa mavuno zinapitwa na vigari vilivyosheheni kreti. Maegesho ni ya shida. Na sheria ya Uswisi inamzuia dereva kuwa na zaidi ya gramu 0.5 za pombe kwa lita ya damu, kiwango kinachofikiwa mapema kuliko watu wanavyodhani. Treni, kwa upande wake, inaufanyia ukanda huu kazi yote. Kutoka Geneva hadi Lausanne ni mwendo wa dakika 40 hivi, na kutoka Lausanne treni za eneo hupita kando ya ziwa zikisimama Lutry, Villette, Cully, Epesses, Rivaz na Saint-Saphorin kabla ya kufika Vevey. Si kila treni husimama katika kila stesheni, kwa hiyo angalieni ratiba katika programu ya shirika la reli la Uswisi kwenye simu kabla ya kushuka kutoka mashambani. Ipo pia treni ndogo inayopanda kutoka Vevey hadi Puidoux kupitia Chexbres, inayojulikana kama treni ya mizabibu. Kwa dakika chache inawapandisha juu ya mteremko, na kutoka hapo mnaweza kuteremka kwa miguu bila kumchosha mtu asiyezoea kupanda.

Pa kulala, chaguo langu ni Cully. Ni kijiji halisi, chenye uwanja ulio mbele ya ziwa, gati la meli, stesheni katikati, na mashamba yanayoanzia nyuma ya nyumba ya mwisho. Nafasi zake ni chache, na zikijaa nendeni Vevey, mji mkubwa kidogo wenye migahawa na makumbusho. Popote mtakapolala kati ya Lutry na Villeneuve, ulizeni hotelini kuhusu kadi ya mgeni iitwayo Montreux Riviera Card, ambayo hutolewa kwa anayelala na kulipa kodi ya utalii; humwezesha kupanda mabasi na treni za eneo bila malipo, pamoja na punguzo katika makumbusho kadhaa. Wageni wengi huiweka mfukoni bila kuisoma, kisha wakalipa nauli ambazo hawakupaswa kulipa.

Siku ya kwanza mtakayokuwa huko, tembeeni. Njia kamili kutoka Lutry hadi Saint-Saphorin ina kilomita 11 hivi na huchukua saa tatu na zaidi bila kuhesabu vituo, lakini nyinyi anzieni Cully, mpite Epesses, mvuke mashamba ya Dézaley, mfike Rivaz na kumalizia Saint-Saphorin. Ni mwendo wa saa mbili hivi na ndio sehemu nzuri zaidi. Wengine huelekea upande wa magharibi. Mimi nasisitiza muelekee mashariki, tena msianze kabla ya saa nne asubuhi. Asubuhi jua hutoka upande wa milima ya Valais na kuwaangaza machoni, milima yenyewe ikabaki kivuli cha kijivu. Kuanzia adhuhuri jua huhamia nyuma yenu, na hapo vilele vya Dents du Midi huonekana mbele vikiwa na mistari yake yote, huku kila ukuta wa shamba ukijitenga na mwenzake. Mabango ya njano ya njia za miguu huonyesha muda wa kutembea, si umbali, na muda huo umekadiriwa kwa mtu asiyesimama kupiga picha. Kivuli hakuna, kwa hiyo bebeni kofia na maji. Chupa zenu mnaweza kuzijaza kwenye chemchemi za vijijini, isipokuwa zile zenye maandishi ya kuonya kwamba maji hayanyweki.

Mtakapofika Dézaley, punguzeni mwendo. Hapa mteremko ni mkali kiasi kwamba mashine za kuvuna haziwezi kuingia, kila kichala hukatwa kwa mkono, na kreti zilizojaa hupandishwa kwa kigari kinachotambaa juu ya reli moja ya chuma iliyowekwa katikati ya matuta. Mtakisikia kabla ya kukiona, kwa maana injini yake hunguruma kwa namna isiyofanana na ya trekta. Simameni pia mbele ya mzabibu mmoja ambao haujavunwa, muutazame bila kugusa. Zabibu za Chasselas, aina inayotawala mashamba haya, huwa za kijani upande wa kivulini, lakini upande uliopigwa na jua hugeuka dhahabu na kupata madoa ya hudhurungi kama ngozi iliyobabuka kidogo, na jua likiwa nyuma ya kichala mbegu huonekana ndani ya tunda. Mkulima hufurahia madoa hayo. Kuchuma hata tunda moja bila ruhusa ni utovu wa adabu, na kupanda juu ya ukuta ni vibaya zaidi, kwa sababu mawe yakilegea hapo juu, ukuta wote unaweza kufunguka mvua kubwa ijayo, na kuujenga upya ni gharama inayomwelemea mwenye shamba mdogo. Kigari cha mavuno kikija, jibanzeni ukutani mkipishe. Salamu ya kawaida hutosha, na mara nyingi hurudishwa kwa tabasamu.

Sasa kuhusu kuonja, jambo ambalo naona linakutia wasiwasi kuliko linavyostahili. Umeuliza kama mtu asiyejua mvinyo atapokelewa vizuri. Atapokelewa vizuri iwapo hatabisha hodi saa sita mchana kwenye ua wa familia ambayo imeamka alfajiri na bado ina tani za zabibu za kukamua kabla ya usiku. Wiki hizo wakulima wengi hawapokei wageni kabisa, au hupokea kwa miadi ya jioni tu. Andikeni barua pepe wiki tatu kabla, mkitaja siku, saa na idadi yenu, na mkisema wazi kwamba mmoja wenu hanywi pombe. Ujumbe wa Kifaransa, hata mfupi, hujibiwa haraka zaidi. Kwa muda uliobaki, tumieni vyumba vya kuonjea vinavyoendeshwa kwa ushirika na wakulima wa kijiji kimoja, ambavyo vipo Cully, Epesses na kwingineko, na ambamo wakulima hupeana zamu ya kuhudumu. Saa zake hutofautiana sana, kwa hiyo hakikisheni kabla ya kwenda. Pale Rivaz, chini ya maporomoko ya maji, kuna kituo kiitwacho Lavaux Vinorama kinachokusanya mvinyo wa wazalishaji wengi wa eneo zima na kuonyesha filamu kuhusu mwaka wa mkulima wa mizabibu. Ningewapeleka huko mwanzo wa ziara, kwa sababu mtakachokiona mashambani baada ya filamu ile mtakielewa maradufu.

Jambo litakalokusaidia zaidi wewe usiye mjuzi ni hili: mvinyo mweupe karibu wote wa Lavaux hutoka kwenye zabibu moja, Chasselas, na Chasselas haina harufu kali ya kujitangaza. Ni mvinyo mwepesi, wenye takriban asilimia 12 za pombe, usio mkali kwa uchachu kwa sababu watengenezaji wa Vaud kwa desturi huruhusu uchachushaji wa pili unaolainisha asidi. Anayetafuta manukato makubwa husema hauna kitu, na ndipo anapokosea. Kwa kuwa zabibu ni ileile, kinachobaki kutofautisha glasi moja na nyingine ni udongo, mteremko na mkono wa mkulima, na hakuna darasa bora zaidi kwa anayeanza. Ombeni glasi mbili ndogo sambamba, moja ya Dézaley na nyingine ya Calamin. Hayo ndiyo maeneo mawili ya Lavaux yenye hadhi ya juu kabisa, Dézaley likiwa na hekta zipatazo 54 na Calamin zipatazo 16 tu, na umbali baina yake unatembewa. Calamin limekaa juu ya udongo mzito wa mfinyanzi ulioletwa na maporomoko ya ardhi ya kale. Dézaley ni mwamba na mteremko. Onja moja, nyamaza, onja nyingine, kisha rudi kwenye ya kwanza. Usijilazimishe kutaja majina ya matunda na maua. Sema tu ipi ni nzito mdomoni, ipi inakauka mwishoni, ipi inakaa zaidi baada ya kumeza. Ukiisha hapo, uliza kwa upole kama ipo chupa ya Dézaley yenye miaka kumi au zaidi. Mvinyo ule ule uliokuwa mtulivu ukiwa mchanga hugeuka wa rangi ya dhahabu, ukawa na ladha inayoelekea asali na jozi, na watu wengi wanaoidharau Chasselas hawajawahi kuupata ukiwa umezeeka.

Kutema mvinyo baada ya kuonja ni adabu inayokubalika, na chombo chake huwa juu ya meza. Migahawani mvinyo huagizwa kwa desilita: moja ni glasi ndogo, tatu zinatosha watu wawili kwa kiasi. Tahadhari moja ni ya usalama hasa: msiingie peke yenu kwenye chumba cha mapipa wakati wa uchachushaji, hata mlango ukiwa wazi. Gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye mvinyo unaochachuka ni nzito kuliko hewa, hujaa chini bila rangi wala harufu, na imewahi kuua hata wazoefu wa kazi hiyo. Subirini mwenyeji atangulie.

Mkeo ana bahati kuliko anavyofikiri, kwa maana wiki za mavuno ndizo pekee ambazo maji ya zabibu yaliyotoka kukamuliwa, yaitwayo moût, yanapatikana yakiwa mabichi. Yana ukungu, ni matamu sana, na yana ladha ya zabibu ambayo juisi ya dukani haiwezi kuwa nayo. Anywe yaliyokamuliwa siku hiyo hiyo tu, na aulize lini yalikamuliwa, kwa sababu hamira za asili huanza kuyachachusha mara moja, na chupa iliyokaa siku mbili tatu huwa na povu na pombe ndani yake, hata kama muuzaji ameiita juisi kwa mazoea.

Siku ya pili au ya tatu mnaweza kuifanya yake zaidi. Corseaux, jirani na Vevey, ipo nyumba ndogo ya mita za mraba 64 ambayo msanifu Le Corbusier aliwajengea wazazi wake mwaka 1923 na 1924, yenye dirisha moja refu linalolifanya ziwa lionekane kama picha iliyotundikwa. Nayo imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2016, ila haifunguliwi kila siku. Huko Corsier-sur-Vevey kuna nyumba ambayo Charlie Chaplin aliishi hadi alipofariki siku ya Krismasi mwaka 1977, sasa ikiwa makumbusho makubwa. Mjini Vevey kwenyewe chama cha wakulima wa mizabibu kina makumbusho yake, na hapo ningekaa kwa muda. Chama hicho huandaa sherehe kubwa ambayo hurudi mara moja kwa kizazi, ya mwisho ikiwa 2019 na iliyotangulia 1999, na chanzo chake kinanigusa kila ninapokisimulia: ilianza kwa kuwatuza wafanyakazi waliotunza vizuri mizabibu ya watu wengine, si wenye mali. Kurudi Cully, pandeni meli ikiwezekana. Kampuni ya meli za ziwa hili ina meli nane za magurudumu ya maji zilizotengenezwa kati ya 1904 na 1927, na kutoka majini ndipo mtu anapoona matuta yote kwa pamoja, tangu ukingoni hadi msituni juu. Safari hupungua kiangazi kinapoisha, kwa hiyo ratiba ya vuli iangaliwe mapema.

Chakula hakitawasumbua. Samaki wa ziwani, hasa minofu ya sangara mdogo wa huko aitwaye perche, hupatikana karibu kila mgahawa, ingawa mahitaji yanalizidi ziwa na wengine hutoka nje. Mkitaka wa Léman, ulizeni, menyu au mhudumu atasema. Kitoweo cha jadi cha liki na viazi, papet, huliwa na soseji ya nguruwe, jambo la kujua kabla ya kuagiza. Jikoni hufungwa mapema mchana, kabla ya saa nane, na Jumapili maduka mengi hayafunguliwi. Kwa nguo, chukueni za tabaka: mchana huweza kufika nyuzi 20 na alfajiri ikashuka hadi 10. Upepo wa kaskazini-mashariki uitwao bise ukivuma, anga husafika kabisa na baridi hupenya koti jepesi. Siku hiyo ndiyo ya kutembea, si ya kupanda meli.

Mwisho, chupa. Uswisi huuza nje asilimia 1 hadi 2 tu ya mvinyo wake, hivyo usitegemee kuikuta Dézaley nyumbani ukishaondoka. Nunua kwa mkulima aliyekupokea, hata chupa mbili tu, mwombe risiti, na umuulize ipi inafaa kuwekwa na ipi inywewe ndani ya mwaka. Zote ziende kwenye sanduku la kukabidhiwa uwanja wa ndege, zikiwa zimefungwa ndani ya nguo, kwa maana hazitaruhusiwa kwenye mzigo wa mkononi. Nyingi za Lavaux ni za sentilita 70 na hufungwa kwa kifuniko cha kuzungusha. Hiyo si dalili ya mvinyo hafifu, kwani hata wazalishaji wazuri wa Chasselas hukitumia ili kulinda ladha yake nyepesi isiharibiwe na kizibo kibovu.